Shimo limejaa: historia ya choo chetu, kutoka redio ya bibi hadi chemba ya kwetu mlimani

SEHEMU YA 1: JUMAPILI YA CHEMBA

Najua niliwaahidi wiki hii tuendelee na chanjo ya surua. Naomba mnivumilie. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu, nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimeona niliandike mpaka liishe. Ni mada ya choo. Anayekula amalize kwanza, halafu arudi.

Sisi tunaishi nyumba ya kupanga hapa Mwanza, mlimani. Familia 3, vyoo 2, shimo moja. Jumapili ya pili ya mwezi wa 3 nilitoka zamu ya usiku, nikapanda ngazi zetu za mawe nikiwa nimechoka hoi. Kufika juu, naona maji meusi yanatoka kwenye mfuniko wa chemba. Yamepita mbele ya jiko la jirani, yamefika pale watoto wanapochezea. Mwanangu wa miaka 3 amechuchumaa pembeni, ana kijiti mkononi, anachora kwenye yale maji.

Mimi huyu huyu ninayewaandikia kila wiki habari za kunawa mikono. Nilimnyanyua, nikamwogesha mara 2, ndipo nikakaa chini nikalia kidogo.

Mchana akaja fundi na waya wake mrefu. Alichovuta kwenye bomba nakisema bila kuficha, kwa sababu kimetoka kwenye nyumba zetu wenyewe: pampasi 4 zilizovimba kama mito, pedi, kitambaa cha kudekia, mfuniko wa kopo la maziwa, na wali, wali mwingi tu. Akanawa, akaniambia, "Dada, bomba nimezibua. Ila shimo lenyewe limejaa. Hapa keshokutwa utaniita tena."

Jioni wapangaji tukakaa. Baba mmoja, mtu mwema kabisa, ndiye anayetuamulia watoto wakigombana, akasema, "Mvua kubwa ndo zinaanza. Tusubiri usiku mmoja inyeshe vizuri, tufungulie." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikanyamaza. Sikuwa nimekubali. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu.

Usiku ule nikaanza kujiuliza imekuwaje mpaka watu wazima, wengine tumesoma, tukakaa kikao kupanga kumwaga kinyesi kwenye mvua. Nikampigia bibi. Nikawauliza mabwana afya wa zamani. Nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

SEHEMU YA 2: REDIO YA BIBI

Bibi yangu anakaa Kwimba, amevuka miaka 80 na akili yake iko timamu kuliko yangu. Anasema alipokuwa binti nyumba za Wasukuma zilikaa mbalimbali. Kila mtu na eneo lake, mashamba yake, ng'ombe wake. Choo kilikuwa porini, jembe likafukia au jua likakausha. Haikuwa salama, minyoo ilikuwepo tele, lakini uchafu wa nyumba moja haukufika mlangoni kwa nyumba nyingine kirahisi.

Halafu ikaja miaka ya 1970, mambo 2 kwa pamoja.

La kwanza ni Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishwa kutoka kwenye maeneo yao ya kutawanyika, wakakusanywa vijijini, nyumba kwa nyumba, mstari kwa mstari. Usukumani nako watu walihama. Ukishaweka kaya nyingi sehemu moja, suala la pori linakwisha. Lazima pawe na choo.

La pili ni kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Wazee wetu wote wanaikumbuka. Iliendeshwa kwa elimu ya watu wazima na kwa Redio Tanzania. Watu walikaa kwa vikundi, penye redio moja, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kundi. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua wao wenyewe wafanye nini kijijini kwao. Walioshiriki walikuwa watu wazima takriban milioni 2. Hebu fikiria, nchi ina miaka 12 tu tangu uhuru, wengi ndo kwanza wanajifunza kusoma, halafu watu milioni 2 wanakaa kwenye majamvi kuzungumzia malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Baada ya mazungumzo wakashika majembe. Vyoo vilivyochimbwa nchi nzima vilikuwa vya kuhesabu kwa maelfu kwa maelfu.

Bibi anasema, "Sisi tulijadili kidogo, tukachimba sana." Kundi lao lilikuwa la wanawake 11 na mwanamume mmoja, ambaye ndiye mwenye redio, kwa hiyo hawakuweza kumfukuza.

Nikamuuliza, "Bibi, mlifundishwa shimo likijaa mfanye nini?"

Akacheka. "Likijaa unafukia. Unapanda mpapai juu yake, unachimba jingine pembeni. Ardhi si ipo?"

Shikeni jibu hilo la bibi, tutalirudia. Kwa Kwimba ya mwaka 1973 lilikuwa jibu sahihi kabisa. Kinyesi kilichofukiwa kikakaa miaka kinaoza, kinageuka udongo, na wadudu wengi wa magonjwa wanakufa humo. Lakini ni jibu la mtu mwenye eneo. Watoto na wajukuu wa wale waliochimba walihamia mjini wakiwa na nusu ya somo.

SEHEMU YA 3: MJI JUU YA MAWE

Mwanza kama mji ina zaidi ya miaka 130. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Pamba ikaukuza, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika ziwani. Watu wakaja kutafuta kazi bandarini, kwenye viwanda vya pamba na baadaye vya samaki. Sehemu tambarare ni chache na zilishikwa mapema. Wengine tukapanda juu. Ukisimama mjini ukaangalia Igogo, Mabatini, Bugarika, unaona nyumba zimeng'ang'ania mawe kama mijusi.

Yale mawe ndiyo yanayopigwa picha na wageni. Kwa mchimba choo ni msiba. Unachimba futi 3, 4, nondo inagonga mwamba, kazi imeisha. Kwa hiyo wazazi wetu walifanya kinyume cha bibi, badala ya kuchimba kwenda chini wakajenga kwenda juu. Walizungusha ukuta wa mawe na saruji, nusu ya shimo ikawa juu ya ardhi, na chooni unapanda kwa ngazi. Wa milimani wenzangu mnanielewa.

Shimo la namna hiyo ni dogo, linajaa haraka, na mwamba chini haunyonyi maji. Mpapai haupandiki. Pa kuchimba jingine hapapo, pale ndipo alipojenga jirani. Ndipo kikazaliwa kitu ambacho wote tunakijua na hatukitaji mbele za watu, yaani kutapisha choo. Chini ya ukuta linaachwa tundu, linazibwa kwa jiwe na matambara. Mvua kubwa ikinyesha usiku, jiwe linatolewa.

Baba yangu alikuwa analitoa.

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka 8. Ule mwaka kipindupindu kiliipiga Tanzania vibaya sana, wagonjwa zaidi ya 40,000 na waliokufa zaidi ya 2,000. Nakumbuka usiku mmoja wa mvua, taa ya chemli, baba anavaa koti la mvua. Mama anamwambia, "Taratibu, wasisikie." Sisi watoto tunajifanya tumelala. Asubuhi mtaro ulikuwa umesafishwa na mvua, kila kitu kinang'aa, na choo chetu kina nafasi tena.

Nyumba ya chini yetu kulikuwa na mama mmoja mwenye watoto 2. Wa kwanza tulikuwa tunasoma naye. Wiki ile wote 2 walianza kuharisha, wakabebwa usiku. Rafiki yangu alirudi baada ya siku 6, amekonda shingo imekuwa kama ya ndege. Mdogo wake hakurudi.

Sisemi ni choo chetu. Mlimani palikuwa na nyumba nyingi juu yao, na mvua ilinyesha kwa wote. Ninachojua ni kwamba baba alikwenda msibani, akakaa mpaka mwisho, na kwa muda mrefu hakuweza kuzungumza na yule mama akimtazama usoni. Na masika iliyofuata akafungulia tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shimo lililojaa, mwamba chini yake, barabara isiyofika kwake, na watoto 6.

Sasa fuatilieni njia ya yale maji. Yanatoka mlimani, yanaingia mtaroni, yanaingia Mto Mirongo unaopita katikati ya mji, yanaingia ziwani. Na maji ya mji yanatoka wapi? Ziwani. Mtambo wetu wa miaka mingi uko Capri Point, mwendo mfupi tu kutoka hapo Mirongo inapoingia. Maji yanatibiwa, ndiyo, lakini mtoto anayeogelea, mama anayefua na dagaa wanaoanikwa ufukweni havipiti kwenye mtambo.

Kichocho pia kinapita njia hiyo hiyo. Kichocho cha tumbo kinaanzia kwenye kinyesi. Mayai yakifika kwenye maji yanaanguliwa, yanaingia kwenye konokono, kisha vijidudu vinatoka kwenye konokono vinatafuta ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mwanza kuna kituo cha utafiti wa magonjwa tangu mwaka 1949, ambacho leo ni kituo cha NIMR, na kichocho kimekuwa kazi yao miaka yote. Dawa ipo, watoto wanagawiwa shuleni. Lakini mtoto ukimtibu leo, kesho akirudi kwenye maji yale yale, anakipata tena.

SEHEMU YA 4: KILE CHUMBA CHA CHINI KINAFANYAJE KAZI

Wengi inboksi mmeniuliza, "Nesi, sisi tuna choo cha kisasa cha kumwaga maji, si shimo. Mbona nacho kinaziba?" Haya, twende taratibu.

Lile tangi ambalo mafundi wanaliita septiki lina historia yake. Karibu mwaka 1860 Mfaransa mmoja, Jean-Louis Mouras, alijenga tangi la mawe, akaingiza majitaka ya nyumba yake humo, likiwa limefunikwa hewa isiingie. Miaka kadhaa baadaye lilipofunguliwa ilishangaza. Walitegemea kukuta kinyesi tele, wakakuta zaidi ni maji na tope kidogo. Mwaka 1881 akapata hataza ya ugunduzi wake. Mwaka 1895 Mwingereza Donald Cameron akajenga la kwake mji wa Exeter, na yeye ndiye aliyelipa jina hili tunalolitumia mpaka leo. Baadaye teknolojia hii ikafika kwetu pamoja na nyumba za wakoloni.

Kumbe kazi yote inafanywa na bakteria wanaoishi bila hewa. Ndani ya tangi kuna tabaka 3. Juu ni ukoko wa mafuta na vitu vyepesi. Katikati ni maji. Chini ni tope. Bakteria wanakula lile tope pole pole, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba kwenda shimo la pili, ambalo linayanywesha ardhini.

Lakini "pole pole" maana yake si "lote". Kuna sehemu hawaimalizi, na hiyo inapanda mwaka hadi mwaka. Ikifika kama theluthi ya tangi, tope linaanza kusafiri na maji kwenda shimo la pili, linaziba vitundu vya udongo, na hapo hata ukizibua bomba mara 10 maji hayana pa kwenda. Kwa familia ya kawaida tangi linahitaji kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Nyumba ya kupanga yenye watu 14, kama yetu, ni mapema zaidi. Na penye mwamba, lile shimo la pili linabaki jina tu.

Halafu kuna vitu ambavyo bakteria hawavigusi hata uwape miaka 100. Pampasi ndani yake ina plastiki na unga unaofyonza maji na kuvimba. Kwenye bomba inafanya kazi ile ile iliyotengenezewa, inavimba. Pedi hivyo hivyo. Mchanga wa kusugulia sufuria, mafuta ya kukaangia sato yanayogandia kwenye bomba, nywele za kusuka, vyote vinabaki.

Na kuna la maji. Maji yakiwa ya mgao tunamwaga kikombe kimoja chooni. Maji yanapita, uchafu mzito unabaki njiani, unajenga kichuguu. Wenzetu Marekani wana magari yenye nyumba ndani, kitanda, jiko na choo, na chini ya gari kuna tangi dogo la kutunzia majitaka. Nao wanalia kilio hiki hiki. Mtu akibana maji au akiacha koki ya tangi wazi, maji yanatoroka, kinyesi kinabaki kinajenga kichuguu chini ya sinki mpaka choo kinagoma. Dawa yao ni ile fundi wetu aliyotuambia, kumwaga maji mengi, kuacha yaloweshe kwa saa kadhaa, kisha kuzibua, na siyo kuchokonoa na nondo mpaka bomba lipasuke.

Na zile dawa? Kuna wanaomwaga mafuta ya taa, dizeli, chumvi ya mawe, maji ya betri. Jamani, mnawaua wale bakteria ndio wafanyakazi wenu, na maji ya betri yanakula saruji na macho ya aliyemwaga. Hakuna chumvi inayoyeyusha mchanga wala plastiki. Shimo likijaa, dawa yake ni kulitoa.

SEHEMU YA 5: NANI ANATOA?

Hapa ndipo historia yetu ina pengo. Tuna kampeni za kuchimba tangu 1973. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo, na Mrisho Mpoto akatuimbia mpaka watoto wakaijua. Zote nzuri, zimeokoa maisha. Lakini zilihesabu vyoo vilivyojengwa. Kazi ya kutoa aliachiwa mtu ambaye hatutaki hata kumsalimia kwa mkono.

Dar es Salaam mtu huyo anaitwa chura. Vyura wanaitwa usiku, wanavunja sakafu ya choo, wanaingia ndani na ndoo, wanafukia pembeni. Hawavai kitu cha maana. Mimi kama muuguzi nawaambia kinachoogopesha zaidi kule chini ni hewa. Tope linapooza linatoa gesi. Moja inanuka kama yai viza, na ikizidi inaizima pua, unaacha kuisikia na unadhani imeisha. Mtu anaanguka ndani ya dakika. Mwenzake anaingia kumwokoa, naye anaanguka. Ndiyo maana tunasikia habari za ndugu 2 au 3 kufia kwenye shimo moja. Gesi nyingine inashika moto, kwa hiyo hata kiberiti cha kumulikia ni hatari.

Watu wamejaribu kuliondoa hili. Kati ya mwaka 1987 na 1992, hapo hapo Dar, Waholanzi na wenyeji walitengeneza pampu ya kuzungusha kwa mkono na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni, wakaiita MAPET. Ilipita kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Miaka ya 1990 Nairobi walijaribu kigari kidogo cha kunyonya, Vacutug, kule Kibera. Baadaye ikaja pampu ya mkono ya Gulper, ambayo mtu anaisimamia juu bila kuingia shimoni. Zote zilisaidia. Tatizo likawa spea, na umbali wa kwenda kumwaga.

Kwa milima yetu dawa kubwa zaidi ilitoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji wa Natal kule Brazil walikuwa na mitaa iliyobanana isiyoingilika na mabomba makubwa. Wakaamua kulaza mabomba membamba, kina kifupi, yanapita nyuma ya nyumba za majirani, moja linapokea la mwenzake. Ni rahisi, ila lina sharti moja, majirani wakubaliane. Akiziba wa juu, anaumia wa chini. Mfumo wa namna hii ndio MWAUWASA walioanza kuuleta kwenye baadhi ya mitaa ya milimani hapa Mwanza miaka ya 2010, na majitaka yanashuka mpaka mtandao mkubwa na mabwawa ya kutibia kule Ilemela. Mlima ambao ulikuwa adui ndio unaosukuma majitaka bila pampu. Mtaani kwetu bado haujafika, lakini nimeuona kwa shoga yangu na nimemwonea wivu wa haki.

SEHEMU YA 6: TULICHOFANYA

Turudi kwenye kikao chetu. Niliomba wapangaji tukae tena Jumatano. Nikawasimulia ya baba na mwaka 1997, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mume wangu. Niliwaambia pia kwamba mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza Dar mwezi wa 8 na kuenea mikoani mpaka kwetu, mimi nilikuwa muuguzi mpya, nikawekewa watoto dripu ambao mama zao walikaa mitaa kama yetu. Yule baba mwema alikaa kimya, kisha akasema, "Nesi, mimi sina ubaya. Sina hela tu."

Na hiyo ndiyo kweli. Tukapiga hesabu. Gari la majitaka, tukigawana familia 3, na mwenye nyumba akachangia baada ya kumpigia simu mara 7, kila mmoja alitoa pesa ya kuumiza lakini siyo ya kuua. Tatizo lililobaki ni njia. Gari haliwezi kupanda kwetu, na barabara iko chini. Mpira wa kunyonyea ungeweza kufika kwa njia moja tu, kupita uani kwa mama wa nyumba ya chini.

Nilikwenda mimi kumwomba. Shikamoo mama, marahaba, nikaeleza nikiwa nimeinamisha kichwa, maana nilijua ni uani kwake ambako yale maji yangepita kama tungefungulia usiku. Ni mama mtu mzima, anauza vitumbua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, miaka yote nawasikia mnafungulia. Nyie wa juu mnadhani mvua inatunyima masikio? Leteni huo mpira. Nitaanua nguo."

Ijumaa gari likaja. Kwa saa moja na nusu mpira ulilala uani kwake, wajukuu zake wamefungiwa ndani wakichungulia dirishani. Hakuna aliyeingia shimoni. Likaondoka na mzigo wake kwenda mabwawani. Mimi nikamwaga klorini pale palipodondokewa, nikanunua vitumbua vyake vyote vilivyobaki.

Kwa wale mnaopenda kuscreenshoti, haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani kwetu:

Pampasi haiingii chooni. Kinyesi kitolewe chooni, pampasi ifungwe na kwenda kwenye taka. Kinyesi cha mtoto kina magonjwa kama cha mkubwa, hata cha anayenyonya tu.

Pedi, vitambaa, mchanga, wali na mafuta, hapana. Kuna ndoo yenye mfuniko ndani ya choo.

Tunamwaga maji ya kutosha. Maji ya kufulia yaliyosuuzia yanatunzwa kwa kazi hiyo.

Kila mwezi familia inaweka kidogo kwenye mfuko wa shimo. Tarehe ya kunyonya imeandikwa kwa rangi ukutani, na itakayofuata imeandikwa chini yake.

Chemba ikifurika, watoto ndani kwanza, tunavaa viatu, tunafukia kwa mchanga au majivu, tunaweka klorini, tunanawa kwa sabuni. Mtoto akiharisha majimaji mengi, anza ORS hapo hapo na umlete hospitali, usisubiri asubuhi.

Hakuna mtu kuingia shimoni. Hata kwa simu iliyodondoka.

Jumapili iliyopita nilimpigia bibi, nikamweleza yote. Akauliza gari ni bei gani, nikamtajia, akaguna kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Basi na sisi kundi letu tungekuwa na wiki moja zaidi, redio ingetufikisha hapo."

Mlioko milimani, niandikieni chini shimo lenu lilinyonywa lini mara ya mwisho. Kama hujui, muulize mwenye nyumba leo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, surua.